Mwali wa Nailoni

Wanaosema mkusanyaji wa santuri kuukuu za kantri amepotoka hawajui mapenzi. Santuri anayo, imo ndani ya nailoni yake ya kiwandani, na hakuna sindano itakayoigusa maadamu yu hai. Mwali hufichwa mpaka siku yake ifike. Huyu siku yake haipo, basi heshima yake imezidi.

Mwaka 1954 ulivuma wimbo "Slowly" wa Webb Pierce. Humo Bud Isaacs alikanyaga pedali ya gitaa lake huku nyuzi zikiendelea kulia, sauti ikapinda kama mtu anayemeza machozi, na wapiga gitaa wenzake wakaanza kutafuta pedali. Kilio hicho ndicho mkusanyaji anachokisaka. Kila santuri yenye kilio huinunua mara tatu: moja ya kutazama, moja ya akiba, moja ya kuilinda ile ya akiba. Nyimbo za mlevi aliyefilisika, na yeye kwa huruma anafilisika naye. Mpiga gitaa mwenyewe? Mara nyingi jalada halikumtaja, lakini namba ya toleo ipo, naye anaikumbuka kuliko siku aliyozaliwa mkewe.

Ukimtembelea, nawa mikono. Muziki atakuwekea kwenye simu.