Unaenda Wapi na Miguu?

Mwaka 1894 Mjerumani mmoja, Gustav Adolf von Götzen, alifika Ziwa Kivu kwa miguu. Alikuwa ameondoka Pangani mwishoni mwa mwaka uliotangulia, na hakukoma mpaka alipoifikia Bahari ya Atlantiki upande wa pili wa Afrika. Vitabu vinamwita mpelelezi. Mimi namwita mtu wa mwisho kupita pande zetu kwa miguu bila kuulizwa na kila mama wa sokoni gari lake limekufa wapi. Na hata yeye hakutembea bure: mwaka 1901 alirudi Afrika Mashariki akiwa gavana wa Wajerumani. Tena mizigo yake ilibebwa na msururu wa wapagazi, na hakuna aliyewauliza hao kama matembezi yanawapendeza.

Mimi nilitaka kutembea bure kabisa. Sikutafuta nchi, wala chanzo cha mto, wala ugavana. Daktari alinipima presha, akaguna, akaniandikia vidonge na mwendo. Vidonge nilivipata kwenye duka la dawa la kwanza. Mwendo ndio uliokuwa na taabu, maana hapa Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, mtu mzima mwenye shati lililopigwa pasi hatembei mbali. Ukimwona anatembea, ujue kuna jambo: mshahara umechelewa, au mke amemfukuza, au yuko mtu anayemdai na wameonana kwa mbali.

Aliyenichochea zaidi ni mdogo wangu, mtoto wa shangazi, anayeishi Birmingham, Uingereza. Mji ule una mifereji mingi ya kupitisha mashua, na wenyeji hujisifu kwamba yao ni mirefu kuliko ya Venice. Kando ya mifereji kuna njia iliyotengenezwa zamani kwa ajili ya farasi waliokuwa wakivuta mashua za makaa, na kwa kuwa farasi mwenye mashua nyuma yake hataki kilima, njia imelala tambarare. Farasi walikwisha kustaafu; sasa wanapita wazee na mbwa wao. Mtu akiamua, anaushika mfereji wa Grand Union, kilomita zaidi ya 200, mpaka London. Na njia nzima, ananiapia mdogo wangu, watu watamwambia neno moja tu: habari za asubuhi.

Nikatazama tulicho nacho sisi. Ziwa tunalo, na mji umeingiza rasi zake ndani ya maji kana kwamba unataka kunawa mikono. Kwenye ramani, mtu angesema Bukavu iliumbwa kwa ajili ya kutembea ufukweni. Basi nikatembea Muhumba mpaka mwisho wa rasi. Niliona mageti mazuri sana. Niliona kuta, na juu ya kuta chupa zilizovunjwa, na juu ya chupa maua. Ziwa nililisikia. Kwenye kila geti mlinzi alisimama na kuniuliza kwa heshima, “Papa, wanakungoja?” Nilipojibu kwamba hakuna anayeningoja, alinitazama kwa huruma, kisha akanitazama tena bila huruma. Nikarudi mjini kwa mwendo ambao daktari angeupenda.

Mifereji nayo tunayo, ila tunaiita mitaro, na msimu wa mvua, yaani kuanzia Septemba mpaka Mei, hauchagui kati ya mtaro na barabara. Nilijaribu kuufuata mto Kawa, unaoshuka kutoka Kadutu kwenda ziwani. Huko nilikuta wasafiri wanaonishinda mbali: chupa za plastiki. Chupa ikitupwa Kadutu asubuhi, mvua ya mchana inaitia mtaroni, mtaro unaitia Kawa, Kawa inaitia ziwani, na ziwa, likiwa na mlango mmoja tu wa kutokea, linaisukuma polepole mpaka Ruzizi. Inasafiri hivyo bila kulipa chochote mpaka bwawa la umeme la Ruzizi, ambako inakutana na wenzake, wanaungana, wanaziba mitambo, na sisi huku tunakaa gizani. Mimi siku hiyo sikufika hata ziwani. Kiatu changu cha kushoto, kiatu cheupe cha kukimbilia nilichokichagua kwa makini kwenye mitumba, kiliacha soli yake kwenye matope. Mtoto mmoja aliiokota, akaniuzia.

Ikabaki milima. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kila kitu kingine Bukavu kiko juu ya ziwa. Nikapanda kwa Ciriri, nikashika vijia vya Kabare. Nilianza alfajiri ili nisionekane, lakini saa hiyo ndiyo akina mama wa Kabare wanashuka sokoni Kadutu: makala, sombe, ndizi, kuni, mgongo umeinama, kamba imekazwa kwenye paji la uso. Walinipita wakishuka nami nikiwa napanda, tukasalimiana. Mchana, nikiwa bado napanda, walinipita tena, sasa wakipanda, wameshauza, wameshanunua chumvi na sabuni, na bado wana pumzi ya kuzungumza.

“Papa, bado ni wewe?” mmoja akauliza.

Nikasema ni mimi. Wakashauriana kwa Kimashi, wakacheka kidogo, wakapunguza mwendo ili nisijisikie vibaya. Hilo liliniumiza kuliko magoti.

Jumamosi iliyofuata nikaja na fimbo. Mdogo wangu alikuwa amesema kule kwao watembezi wote wana fimbo. Lakini huku kwetu Bushi, mwanamume mwenye fimbo porini ni mtu aliyepotelewa na ng’ombe, na watu wetu hawawezi kumwacha mwenzao katika taabu ya namna hiyo. Mzee mmoja aliniuliza rangi yake. Kabla sijajibu, vijana walikuwa wameshatumwa pande mbili za bonde, na kuwarudisha ilikuwa kazi, kwa sababu mmoja wao alikuwa tayari amemwona ng’ombe wangu.

Nikaacha fimbo, nikachukua mfuko wa mgongoni na daftari. Hapo ndipo nilipojua kwamba ng’ombe ni jambo dogo. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, nikiandika saa niliyofika, nikihesabu mapigo ya moyo. Bibi mmoja akatoka kwenye migomba, akasimama mbele yangu, akanyoosha kanga yake, akaanza kunitajia majina ya wajukuu wake. Alitaja kwa mpangilio, mkubwa mpaka mdogo, na umri, na nani anakohoa, na nani shule ilimrudisha kwa ajili ya ada.

“Mama,” nikamwambia, “mimi siandikishi watu.”

“Najua,” akasema. “Wote munasema hivyo kwanza. Andika.”

Nikaandika. Ungefanya nini? Mtu ambaye ameshaona magari meupe ya mashirika yakipita kwa miaka, kila moja na daftari lake, anajua kwamba asiyeandikwa hapati hata blanketi. Nilikuwa nimefika mjukuu wa sita, yule wa kikohozi, alipotokea mwanamume mwenye jembe begani. Yeye hakutaka blanketi. Alitaka kujua napima shamba la nani. Nilipomwambia sipimi, alinishika mkono kwa upole, akanipeleka kwenye miti ya mpaka, akanionyesha uliokuwapo tangu wakati wa babu yake na ule ambao kaka yake aliupanda usiku. Majani yake kweli yalikuwa machanga. “Hiyo nayo andika,” akasema. Nikashuka mlima nikiwa na orodha ya watoto na kesi ya ardhi, na tangu siku hiyo sikuweza tena kupita njia ile, kwa sababu kila nikionekana kwenye kona mtu aliuliza dosiye yetu imefika wapi.

Nikahamia barabara ya kaskazini, ile inayopita Bagira, Mudaka na Miti kuelekea uwanja wa ndege wa Kavumu. Hii ilikuwa kabla ya Februari 2025, wakati waasi wa M23 walipoingia mjini. Siku hizi barabara ile mtu huiuliza habari kwanza kabla ya kuipa miguu. Wakati wangu hatari kubwa ilikuwa wema. Motari mmoja alisimamisha pikipiki kando yangu.

“Papa, panda. Mudaka mara moja.”

“Aksanti, natembea.”

“Juu ya nini?”

Nikamwambia ni kwa ajili ya afya. Akazima injini. Motari wa Bukavu hazimi injini ovyo. Nilijua nimemgusa moyo. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye mambo yamewahi kumkalia vibaya, nisione haya, nipande tu, franga si kitu. Nikakataa. Akaendesha kando kando yangu kwa muda mrefu, akihifadhi mafuta na heshima yangu, kisha akaondoka kwa huzuni. Nilipofika Mudaka habari ilikuwa imeshafika. Mama mmoja muuza parachichi alinipa mawili makubwa na noti ya franga 500, akanikunja vidole juu yake ili watu wasione.

Basi nikatafuta sababu ambayo haijadiliwi. Zipo chache. Nikachagua kilio. Mtu anayekwenda kwenye kilio haulizwi mafuta, haulizwi gari, anapishwa njia. Na kweli, kutoka Mudaka kwenda Miti, mtu wa kwanza aliyeniuliza naenda wapi na miguu, nikamjibu kwa uso wa kuinama, “Kwenye kilio,” akavua kofia. Wa pili vilevile. Wa tatu walikuwa kundi la akina mama waliofunga vitenge vya sare, na mkubwa wao akanishika mkono akasema, “Hata sisi. Twende, baba, tusichelewe.”

Huwezi kuwaambia watu kama hao kwamba kilio chako ni kingine. Nilijaribu; nikasema changu kiko mbele zaidi. Wakasema mbele hakuna kilio, wangekijua. Tukaacha barabara, tukaingia kwenye migomba, tukatokea uani pa nyumba yenye turubai, mabenchi na watu wengi waliokaa kimya. Kijana mwenye daftari la michango aliuliza jina. Nikatoa nilichokuwa nacho, pamoja na ile noti ya muuza parachichi, akaandika: “Mwalimu wa Bukavu”. Nikapewa kiti chenye mgongo. Nikapewa bugali na maharagwe. Nilikuwa nimeanza kutulia, niliposikia mzee wa familia akisema kwamba kabla ya sala, na mgeni aliyetoka mjini kwa miguu, jamani, kwa miguu, aseme neno.

Nikasimama. Nilisema marehemu alikuwa mtu wa watu. Nilisema ameacha pengo ambalo halitazibika, kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na kwamba upendo wa kweli haungoji gari. Hapo akina mama waliitikia kwa nguvu, na mzee akafuta macho. Nilikaa chini nikiwa sijajua kama tunamlilia baba au mama.

Hakuna aliyeniuliza nilimjuaje. Baadaye nilifahamu kwamba nusu ya waliokaa karibu nami walikuja hivyo hivyo, mtu kamfuata mtu, na familia ilikuwa inahesabu watu waliokaa nayo. Tulipoagana, mzee alinisindikiza mpaka barabarani. Kwa kuwa narudi mjini, akasema, nimfikishie binti yake Kadutu mzigo mdogo. Alikuwa mgonjwa, hakuweza kuja kumzika mama yake. Hivyo ndivyo nilivyojua. Mzigo mdogo ulikuwa mkungu wa ndizi, kabeji mbili kwenye mfuko, na kuku jike mwekundu aliyefungwa miguu.

Nikauweka mkungu begani, mfuko mkononi, kuku kwapani, nikageukia kusini. Jasho lilikuwa linanitoka, shati halikuwa na pasi tena, na soli yangu ya kununua mara mbili ilikuwa imeanza kufunguka. Motari walipita, na hakuna aliyepunguza mwendo. Wazee walinisalimu tu: “Jambo, papa,” wakaendelea na yao. Mudaka, yule yule muuza parachichi hakunitambua. Alinitajia bei ya kawaida. Kilomita baada ya kilomita, katika barabara ile ile iliyonihoji asubuhi nzima, hakuna mtu aliyetaka kujua naenda wapi wala kwa nini.

Walichotaka kujua ni bei ya kuku. Aliniuliza mwendesha baiskeli, akaniuliza askari aliyekuwa anapumzika, akaniuliza mwalimu mwenzangu ambaye hakunitazama usoni. Bei ya mwisho, karibu na Bagira, ilikuwa nzuri kweli, na aliyeitaja alikuwa na fedha mkononi. Ni heshima ya marehemu tu iliyomfikisha yule kuku Kadutu.