Namna ya Kumrudisha Kiboko Porini

Kwanza upate kiboko. Hilo si gumu. Kutoka Kamanyola shika barabara ya taifa namba 5, pita Luvungi, Sange na Kiliba, na ukifika Uvira jioni uliza watoto wa ufukweni. Watakuonyesha hata kabla hujamaliza swali. Kazi iko katika kumpata kiboko aliye peke yake, maana wa kwetu hawajazoea upweke. Nyuma yake pana mama anayechota maji kwa bidoni la njano, pana mtumbwi wa wavuvi wa ndagala, pana vijana wanaoosha pikipiki ziwani, na mwanasiasa anayetabasamu kwenye bango la uchaguzi uliokwisha zamani. Foto kama hiyo haiuziki. Mnunuzi wa mbali anataka pori, nasi pori letu halitoshi kujaza fremu moja. Ndiyo maana pakawepo ukungu wa nyuma, ule ambao wapiga picha wa dunia nzima huuita bokeh, neno walilolitoa Japani.

Njia ya wenye mali ni lenzi. Chukua ya milimita 400, fungua tundu lake hadi f/2.8, msogelee kiboko mpaka mita 10. Kwa kamera kubwa ya kitaalamu, sehemu itakayotoka safi ina unene wa sentimita 10 hivi; vya mbele na vya nyuma yake vyote vinayeyuka. Mama na bidoni lake watakuwa wingu la njano, zuri mno. Kichwa cha kiboko, bahati mbaya, kinazidi sentimita 10, kwa hiyo chagua: jicho au pua. Wajuzi husema jicho. Chagua upesi, kwa sababu kiboko hukimbia kilomita 30 kwa saa, na mita 10 kwake ni sekunde moja na kidogo.

Ukiwaonea huruma watoto wako, rudi hadi mita 50. Umbali umekuwa mara 5, lakini ule unene safi hukua mara 25: mita mbili na nusu. Sasa kiboko mzima yuko safi, na mama naye ameanza kuwa na uso. Umeiona hila yenyewe? Ukungu mzito unauzwa kwa bei ya mbavu zako.

Wapo watakaokushauri ulale kifudifudi, kamera iwe usawa wa maji, ili nyuma ya mnyama pasiwe na ufukwe bali ziwa tupu mpaka Burundi. Ushauri huo ni sahihi kabisa. Mamba pia wanaukubali. Gustave, yule mamba wa Ruzizi aliyesifika mpaka akawa chanzo cha filamu ya Marekani mwaka 2007, hakujulikana kwa kuuliza mtu ametumia f ngapi.

Sisi wengine tuna simu. Kamera ya simu ni ndogo, basi kila kitu hutoka safi, kuanzia kiboko hadi bango, na ukungu hupikwa baadaye na programu inayokisia kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Hukisia kama mlevi anayevuka daraja. Masikio ya kiboko itayakata, na miguu ya yangeyange itaisahau kabisa, ndege abaki akielea kama roho ya marehemu.

Kwa hiyo rekebisha kwa mkono. Mzungushie mnyama maski, lainisha ukingo, kisha tia ukungu kidogo kidogo: haba kwa kilicho karibu naye, mzito kwa kilicho mbali. Majani anayoyakanyaga yako umbali uleule na kwato zake. Yaache safi, la sivyo umemtundika hewani. Kivuli chake majini kiache pia. Ukimaliza, rudishia chembechembe kwenye sehemu uliyoilainisha, kwa kuwa ukungu wa programu huwa laini kama sabuni, na mwenye macho atakukamata.

Kamanyola kwenyewe, jizoeze kwa yangeyange wanaofuata ng'ombe. Lakini hapa ni karibu na pale mto Ruhwa unapoingia Ruzizi na nchi tatu zinapotazamana, na ukungu una kazi ya pili. Nyuma ya ndege pana daraja, na nyuma ya daraja pana askari.

“Yaya, unapiga nini pale?”

“Ndege, shefu.”

“Na iyo daraja, nayo ni ndege?”

Wakati huo f/2.8 ndiyo wakili wako.

Wala usidhani ufundi huu ulikuja na simu. Juni 1964, wanajeshi wakiwakimbia waasi, Mobutu alifika Kamanyola akawazuia. Katika masimulizi ya utawala wake alibaki yeye tu, safi mpaka kope. Waliopigana ubavuni mwake wakawa wingu. Kinshasa ikapata uwanja wa Kamanyola, ambao leo ni Stade des Martyrs, na rais akapata meli ya Kamanyola. Sisi wa Kamanyola halisi tulibaki nyuma, nje ya fokasi.

Ukipenda kushindana, tahadhari. Mwaka 2018 shindano kubwa la picha za wanyamapori la London lilimvua mtu ushindi baada ya wataalamu kuona kwamba mla-mchwa wake alikuwa mnyama aliyekaushwa. Walimchunguza mnyama mpaka manyoya. Nani alikuwa nyuma hawaulizi, kwa hiyo mama wa bidoni hatakuletea kesi.

Mwaka 2024 ziwa lilipofurika, maji yaliingia majumbani Uvira na Gatumba, na viboko wakafuata maji. Picha za siku zile hazikuhitaji lenzi ndefu: kiboko na mlango wa mtu katika fremu moja, vyote safi. Zilipigwa na wenye nyumba.

Basi ukishauza pori lako, usifute foto ya kwanza, ile isiyoguswa. Yule mama alikuona unapiga, akakipanga kitenge chake vizuri. Mtumie.