Kibao cha Tatu Kutoka Chini

Wenye magari wengine na wasifu injini zao. Langu ni la umeme, injini halina, kwa hiyo leo namsifu mnyonge aliyebaki: kibao cha plastiki cheusi, urefu wake kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole, wembamba wake kama mwiko uliolika. Kimejificha nyuma ya bampa, mahali ambapo hata askari wa barabarani mwenye njaa hachungulii. Kilivunjika, na ni tangu kilipovunjika ndipo nilipojua kuwa nina gari.

Aliyesoma kwenye darasa lenye madirisha ya luva anakijua tayari. Mbele ya rejeta vimepangwa vibao kumi vya mlalo, vimeunganishwa kwa ufito mmoja, na kando kuna kimota kinachovifunga na kuvifungua kama mwalimu wa zamu mvua inapoanza kupiga. Na kama zile luva za darasani, kimoja kikikatika shingo, wenzake tisa hawana raha.

Kazi yake ni tukufu, nisikilizeni. Upepo ukiingia kwenye grili hautoki kwa adabu. Huzungukazunguka mle ndani na kulivuta gari nyuma. Tena ukali wake hukua kwa mraba wa mwendo: toka kilomita 50 kwa saa hadi 100, na hewa itakukaba mara nne, na kazi ya kuishinda kila sekunde itataka kuwa mara nane. Injini ya petroli haiwezi kufumba mdomo muda mrefu hivyo, kwa kuwa zaidi ya nusu ya nishati inayokunywa huitupa kama joto. Mota ya umeme haina ufujaji huo. Kwa hiyo gari langu hufumba mdomo safarini, likaufumbua tu betri inapochajiwa kwa kasi, au kiyoyozi kinapolemewa. Betri ni ile ile, lakini kilomita unazopata zinaongezeka, na kibao hakidai hata shukrani.

Hayo ni kwa watu wa barabara kuu. Mimi naishi Mombasa. Mwendo wangu wa asubuhi kati ya Kongowea na Buxton ni mwendo wa mkokoteni, na mara nyingi mkokoteni ndio unaotangulia. Kwa mwendo huo, kibao kiwe wazi, kiwe kimefungwa, kiwe kimebaki kiwandani, upepo haujui. Nchi za baridi kina kazi ya pili, kuzuia betri isipigwe na baridi kali. Baridi kali, hapa kwetu! Kwa hiyo ninachokisifu ni kitu ambacho siku ishirini na tisa za mwezi hakinifai kwa lolote. Siku ya thelathini nilikwenda Nairobi, na karibu na Mariakani lori likanirushia jiwe.

Mwanzoni sikuona kitu. Asubuhi yake nilipowasha gari nikasikia tk-tk-tk chini ya boneti, kimya, kisha tk-tk-tk tena, na taa ya njano ikawaka. Kumbe kila nikiwasha, kile kimota hujaribu kufunga vibao mpaka mwisho na kuvifungua mpaka mwisho, ili kijue mipaka yake. Kibao cha tatu kutoka chini kilikuwa kimeng'oka upande mmoja na kuwalalia wenzake, na mota, kama karani mwaminifu, ikaripoti kwamba hesabu haikufunga. Gari lenyewe linakwenda, linasimama, linachaji. Lakini taa inawaka, na mtu aliyelelewa vizuri hawezi kuendesha huku anaangaliwa hivyo.

Nikaulizia spea. Muuzaji mmoja akanieleza kwa upole kwamba kibao kimoja hakiuzwi. Huuzwa fremu nzima, vibao kumi na mota yake, na iagizwe ng'ambo. Kwa bei hiyo ningepata mbuzi wanne na beberu wao, na kamba za kuwafungia. Hapo ndipo zilipoanza fadhila za kibao changu. Gari la umeme limetunyang'anya mengi: hakuna oili ya kumwaga, hakuna plagi za kusugua, hakuna ekzosi ya kulaani. Mwanamume wa makamo hana tena kisingizio cha kulala chini ya gari Jumapili akiwakimbia wageni wa mkewe. Kibao kikanirudishia heshima hiyo.

Nikachomoa betri ndogo ya volti 12, nikajiapia kutogusa waya wowote wa rangi ya machungwa, kwa kuwa humo mnapita volti kama 400 na mimi nina watoto. Kung'oa bampa ni spana namba 10, bisibisi na klipu za plastiki zisizohesabika, ambazo kila moja hutoa mlio wa kuvunjika hata kama haikuvunjika. Nne zilivunjika. Jirani yangu Mzee Bakari, aliyeendesha malori ujana wake wote, akaja na kiti chake bila kualikwa.

"Mwanangu, na injini umeiweka wapi?"

"Halina, mzee."

Akatazama muda mrefu. "Basi hizo luva zafunika nini?"

Mbona si jambo geni, nikamwambia. Katika miaka ya 1930 Rolls-Royce na Packard walikuwa na vibao mbele ya rejeta, vilivyofunguka vyenyewe maji yakipata moto, na havikuhitaji kompyuta wala taa ya njano. Mzee akasema madereva wa bara kwenye baridi waliweka kipande cha boksi, nacho hakikuvunjika kamwe. Sikuwa na jibu.

Nikapaka supaglu. Ilishika vidole vyangu barabara, kibao ikakikataa. Mgongoni mwake kilichapwa PP-GF30, maana yake ni polipropilini yenye asilimia 30 ya nyuzi za kioo, yaani beseni la kufulia lililosoma. Na nani asiyejua kwamba beseni halizibwi kwa gundi? Nikakipeleka kwa fundi wa mabeseni aketiye chini ya mwarobaini. Akakigeuza mara mbili tu.

"Ami, hiki chataka chuma, hakitaki gundi. Kikonyo chake ndicho kilichokatika. Una spoku ya baiskeli?"

Spoku ina unene wa milimita 2. Nilikata kipande, nikakipasha moto, nikakididimiza kwenye ncha ya kibao plastiki ikilia na kunuka, kisha nikaushona ufa wa katikati kwa pini za stepla na chuma cha kulehemu redio. Tundu la fremu lilikuwa pana kuliko spoku, kibao kikacheza kama jino bovu. Nikakivisha kikonyo kipya mrija wa wino wa kalamu ya biki, uliokauka tangu binti yangu afanye mtihani. Ukaingia kana kwamba mchoraji wa gari aliupima.

Jua lilipokuwa linatua nikarudisha bampa, klipu nne pungufu, na kuunganisha betri. Mzee Bakari akanyanyuka kitini. Nikawasha. Vibao vikafunga, vikafungua, tk moja tu laini, na taa ya njano ikazimika. Nikazima gari. Nikawasha tena ili nisikie. Nikazima, nikawasha.

Mke wangu akatoa kichwa dirishani. "Limeharibika tena?"

Nikamwambia bado.