Jinsi ya Kulazwa Bila Kuumwa

Kuumwa ukalazwa ni jambo jepesi, hata watoto wachanga wanaliweza. Kazi ipo kwenye kulazwa ukiwa mzima: homa huna, hukohoi, faili huna, na bado unalala hospitali, kwenye ukingo wa kitanda ambacho mwenye nacho ana kilo tisa na nimonia. Kazi hiyo haina chuo. Wanaoijua wamo wodi ya watoto na hawana nafasi ya kuandika, maana mmoja ameshikilia mkono wenye dripu na mwingine yuko nyuma anafua. Basi niwaandikie mimi, kwa ajili ya mzazi wa Dar es Salaam ambaye zamu yake haijafika.

Anza kwa kuchagua saa. Mtoto mwenye heshima zake hazidiwi saa nne asubuhi, wakati daladala zimejaa barabarani na madirisha yote ya hospitali yako wazi. Atasubiri saa nane usiku, na ikiwezekana iwe mkesha wa sikukuu. Ukiona anahema haraka, usihesabu. Kliniki walikuambia kwamba mtoto wa miezi 2 hadi 11 akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano mara 40 au zaidi, shuku nimonia. Na kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta, hapo hakuna cha kusubiri kuche. Tatizo la kuhesabu ni kwamba utajua, na ukishajua itabidi uondoke, na ukiondoka utakuwa umewanyima ndugu nafasi ya kutoa maoni.

Maana maoni wanayo. Piga simu moja tu kwa shangazi, nyingine zitajipiga zenyewe. Wifi atasema mtoto kapigwa jicho siku ile ulipomvalisha gauni la njano. Jirani atauliza kama umemtazama fizi, isije ikawa meno ya plastiki. Lakini kipenzi cha wote ni kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia kooni, ambacho kila binadamu anacho na hakijamkosea mtu, ndicho kitakachobebeshwa kikohozi chote, na hapo hapo litatajwa jina la fundi wa mtaa wa pili, mwenye wembe wake na mkono mwepesi. Madaktari wanaowapokea watoto waliokatwa kimeo wakivuja damu au koo limeoza nao wana maoni, ila kwa bahati mbaya hawajaungwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Ukifunga safari, beba kila kitu isipokuwa kadi ya kliniki. Beba nguo za kutokea, viatu vya mtoto ambaye leo hawezi kusimama, na yule mdoli wa kelele. Kadi iache juu ya kabati. Ndani yake kuna uzito wa mtoto, na dozi za watoto hupigwa kwa kilo. Kuna pia orodha ya chanjo, ikiwemo ile ya nimokoko ambayo watoto wa Tanzania wanachomwa tangu 2013, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Daktari wa zamu atataka kuyajua hayo yote. Wewe mjibu, "Chanjo zote kapata, dokta," kwa sauti ya mtu anayekumbuka.

Beseni, ndoo, kanga tatu, kikombe, kijiko na chupa ya chai utaletewa kesho. Hivyo ndivyo vifaa tiba vyako.

Sasa kanula. Mwongozo wowote unaoipitia haraka umeandikwa na mtu ambaye mwanawe hajawahi kutafutwa mshipa. Utaitwa kwenye chumba kidogo chenye meza ya bati. Utaambiwa, "Mama, mshike vizuri," na kushika vizuri maana yake ni kumlalia. Nesi atafunga mpira wa glovu juu ya kiwiko, atagonga-gonga kiganja kwa vidole viwili, atapangusa kwa spiriti, atainama. Kanula ya mtoto mdogo ni ile ya kichwa cha njano, nyembamba kuliko zote zilizopo kwenye trei, na mshipa wa mtoto aliyenenepa vizuri umejificha chini ya sifa zote ulizokuwa unapewa barazani. Mkono wa kulia haukukubali. Wa kushoto uliingia, ukavimba. Mguuni, damu inarudi kidogo, subira, imeingia! Hapo kitakatwa kipande cha boksi la dawa, kiwekwe chini ya unyayo kama gango, kizungushiwe plasta mpaka mguu uonekane umevunjika. Mtoto atakutazama. Katika watu wote waliokuwemo mle ndani, anayemlaumu ni wewe, kwa sababu nesi alitumia vidole tu na wewe ulitumia mwili mzima.

Kuanzia hapo kanula ni mali yako. Utailinda asiing'oe, asiilalie, asiitumbukize kwenye uji. Ikivimba utasema, na ukisema utarudishwa kwenye meza ya bati. Wapo wanaonyamaza ili kuikwepa ile meza. Ni mbinu nzuri, mpaka mguu ulingane na wa baba yake.

Kama mtoto amewekewa oksijeni, umepata na televisheni. Kwenye kidole gumba cha mguu uliobaki watambana kibanio chenye taa nyekundu, na kwenye kioo kitatokea namba. Ikishuka chini ya 90, mtoto anahitaji hewa ya mashine. Hiyo ndiyo elimu yote uliyopewa, inatosha kukukesheza. Utaitazama 93. Utaitazama 91. Ikifika 88 utapiga ukelele ambao utaamsha wodi nzima, nesi atakuja mbio, atakirudisha kibanio kidoleni kilikotoka, namba itapanda 95, naye ataondoka bila kusema neno. Sitaki kumtania sana huyo nesi. Usiku yuko peke yake na wodi nzima, na kila kitanda kina mama mwenye ukelele wake.

Dawa zina saa zake na hazina urafiki. Ampisilini ya sindano ni kila baada ya saa sita: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku. Jentamaisini mara moja kwa siku. Kwa nimonia kali si chini ya siku tano. Kwa hiyo siku ya pili, homa ikishuka na mtoto akiomba biskuti, anza kudai kuondoka. Mwambie daktari nyumbani kuna shughuli. Mwambie mtoto amepona, unamjua mwenyewe. Ukikataliwa, lalamika kwenye simu mbele yake kwamba wanakuweka tu.

Saa moja na nusu asubuhi, mtoto aliyelia usiku kucha atapitiwa na usingizi. Hiyo ndiyo ishara wanayoisubiri watu wa usafi. "Akina mama wote nje! Tunadeki!" Utatoka nje, naye utamwacha au utambeba, vyote ni makosa. Ukiwa nje, raundi itaingia kwa mlango mwingine: daktari bingwa, madaktari wanafunzi na yule kijana aliyekupokea usiku, ambaye sasa ndiye anayeulizwa maswali magumu. Watasimama kitandani kwako wakauliza, "Mama wa kitanda cha saba yuko wapi?" Jina lako la kubatizwa halitumiki huku, na hata Mama Fulani limebaki getini. Kimbia. Utaulizwa kikohozi kilianza lini. Sema juzi. Bibi yake, aliyekuja na uji, atadakia kwamba ni wiki ya pili hii na yeye alishasema mapema.

Cheo wodini hupimwa kwa siku. Mama wa kitanda cha dirishani amewatangulia wote, na hata kama huko mtaani wewe ni meneja wa benki, humu msikilize. Ndiye anayejua nesi gani anapata mshipa mara moja, maji ya moto yanatoka saa ngapi, na ile soketi moja isiyo ya mashine ya oksijeni inatumika kwa zamu ipi kuchaji simu. Atakufundisha kumlaza mtoto kichwa kikiwa juu, kumpa uji kidogo kidogo kwa kijiko, na kwenda bafuni: unamkabidhi mtoto wako jirani ambaye hujui hata anakaa wapi, unaoga kwa kopo sita, unarudi. Hakuna kiapo wala fomu. Sijaona ofisi inayoendeshwa vizuri hivyo.

Baba naye ana kazi yake, nayo ni geti. Anaruhusiwa saa za kuona wagonjwa, akiwa na hotpoti la wali mkono huu na risiti mkono ule. Matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya serikali ni bure, ndivyo sera inavyosema, na mimi si mtu wa kubishana na sera. Kilichoandikwa kwenye kikaratasi, kwamba dawa haipo mkanunue nje, kimeandikwa kwa kalamu ya kawaida. Baba atazunguka nacho maduka ya dawa matatu, na katika kila duka ataambiwa hiyo ilikuwepo jana. Akibahatika kumpokea mama zamu ya usiku, akina mama watamtazama vibaya mpaka saa tano, kisha watamtuma maji.

Wageni watakuja na machungwa, soda, na kisa cha mtoto wa binamu yao aliyekuwa na dalili hizi hizi. Kisa hakina mwisho mzuri. Waache wamalize, huwezi kumkatiza mtu aliyepanda daladala mbili kukutazama. Soda kunywa wewe.

Siku mtakayoambiwa mmeruhusiwa, usiwaambie nyumbani wapike. Kuruhusiwa ni saa tatu asubuhi, kutoka ni shughuli nyingine. Faili litakwenda kwa mhasibu, litakaa. Litatoka na namba ya malipo, ambayo baba atailipia kwenye simu, mtandao utazunguka, ujumbe hautakuja, dirishani watasema huku hatujaona. Wakati huo mtoto amepona kabisa na anakimbia kati ya vitanda na kanula mguuni, kwa hiyo kumbusha itolewe. Wapo waliofika nayo Mbagala. Ndoo mwachie mama aliyeingia jana bila kitu. Beseni rudi nalo, ni la wifi na alishaliulizia. Dawa za kumeza utazichukua dirisha la mwisho kushoto, wanafunga saa tisa na nusu.

Marudio ni Jumatano, saa mbili kamili asubuhi. Ukifika saa kumi na mbili utakuwa wa arobaini na mbili.