Namna ya Kupata Mwenye Hekima Nyumbani Bila Kutoka Jasho

Mtoto amezaliwa, akika ni siku ya saba, na ukoo unataka mwenye hekima. Kumsomesha kunachukua miaka. Jina halina ada. Sogea nikupe njia.

1. Mwite Hakim. Ni Kiarabu, maana yake mwenye hekima, na ndugu zake tunaishi nao: hekima, hakimu, hukumu, mahakama. Majirani wataanza kumheshimu kabla hajaota meno.

2. Chunga unapovuta sauti. Ukivuta mwisho, Hakiim, ndiye mwenye hekima. Ukivuta mwanzo, Haakim, ni mtawala au mwamuzi. Mbele ya masheikh vuta mwisho. Mbele ya wakwe, vuta mwanzo.

3. Kwenye cheti andika Abdulhakim. Al-Hakim ni mojawapo ya majina 99 ya Mwenyezi Mungu, na Abdulhakim ni mja wake. Umeonyesha unyenyekevu, na siku kijana akiteleza una la kusema: yeye ni mja tu.

4. Wageni wa akika watadai mifano. Mtaje Hakeem Olajuwon, mcheza kikapu mzaliwa wa Lagos, 1963. Marekani walimwandika Akeem hadi mwaka 1991, aliporudisha H yake. Mwaka 1994 na 1995 akabeba ubingwa wa NBA na Houston Rockets. Herufi moja, ubingwa mara mbili! Mazoezi usiyataje.

Wengine waruke. Khalifa al-Hakim wa Cairo, aliyetawala kuanzia 996 hadi 1021, alipiga marufuku kula mulukhiya, mboga jamii ya mlenda wetu. Na Amr bin Hisham wa Makka usimguse kabisa. Makureshi walimwita Abu al-Hakam kwa sifa ya busara. Alipompiga vita Mtume, Waislamu wakamwita Abu Jahl, baba wa ujinga. Aliuawa kwenye vita vya Badr mwaka 624, na leo madrasa nzima inalijua jina hilo la pili tu. Jina zuri hunyang'anywa, rafiki yangu, na mgeni mmoja msomi akilikumbuka hilo, pilau litapoa.

5. Sasa siri yenyewe, nayo naipenda kuliko zote. Mzizi wa jina hili una maana ya kuzuia. Waarabu huita hakama ile sehemu ya lijamu inayoshika taya la farasi asiende ovyo. Kwa hiyo nusu ya kazi ni kufunga mdomo! Luqman, ambaye sura ya 31 ya Kurani ina jina lake, alimuusia mwanawe ashushe sauti. Mfundishe wako hivyo hivyo: akiulizwa gumu, ainamishe kichwa, avute pumzi, aseme, "Tulitazame." Wazee watamngoja. Nusu yao watajibu wenyewe, kisha watamshukuru yeye.

6. Anza wewe, maana mtoto huiga. Kesho shangazi akikuuliza jina hilo umelitoa wapi, tabasamu, hesabu hadi tano, ndipo umjibu.