Barua kwa Waheshimiwa Mlio Ndani ya Mita

Ngamiani, Tanga
1 Desemba 2024

Waheshimiwa,

Kwa taadhima iwapasayo watu wa daraja yenu, na kwa unyenyekevu umpasao mtu aliyenunua umeme wa shilingi 10,000 asubuhi ya tarehe mosi, naomba idhini ya kufika mbele ya hadhara yenu kwa njia ya karatasi, maadam njia nyingine zote za kuonana nanyi zimenishinda, ilhali ninyi hamjapata kushindwa na njia hata moja ya kuonana na mimi.

Ujumbe wa manunuzi ulipoingia simuni niliusoma kwa adabu, nikawatambua kwa majina, kila mmoja mahali pake. Mlangoni kabisa alisimama Kodi ya Jengo, akapokea 1,500 taslimu kabla hesabu ya wenzake haijaanza. Nyuma yake aliketi Kodi ya Ongezeko la Thamani na asilimia 18 zake, akafuata Nishati Vijijini na asilimia 3, kisha EWURA na asilimia 1, naye huyu wa mwisho ndiye mlinzi aliyewekwa kunihifadhi nisidhulumiwe bei, na ambaye ujira wake hukatwa kwangu kabla sijahifadhiwa. Mlipokwisha kujichotea nyote, umeme wenyewe, ambao ndio niliokusudia kuununua, ulikuta shilingi 6,967, ukanipa uniti 23.9. Lau ningalisubiri hata kesho, baada ya mwenzangu mmoja kumfungulia mlango Kodi ya Jengo, ningalipata 28.1 kwa fedha ileile.

Nami nitasema kwa insafu, kwa kuwa insafu ndiyo mali pekee ya nyumba hii isiyokatwa asilimia, ya kwamba umeme sina ugomvi nao. Uniti ya mteja wa kawaida iliwekwa shilingi 292 mwaka 2016, na mpaka leo haijasogea, jambo ambalo hata muuza vitumbua hawezi kujisifia. Waliopanda ni abiria wake. Kodi ya Jengo iliingia ndani ya mita Agosti 2021 kwa sauti ya chini, shilingi 1,000 kwa mwezi, nasi tukadhani ni mgeni apitaye. Julai 2023 akawa 1,500, na kwa wenye ghorofa, kila sakafu ikatoka 5,000 ikawa 7,500. Sijapata kumwona mgeni anayepandisha bei ya kukaribishwa.

Nyumba tunayokaa ni ya vyumba vitano vinavyotazamana, ukumbi katikati, ua nyuma, mita moja. Tangu mwaka ule wa 2021, siku za mwisho wa mwezi zimekuwa na desturi yake. Kadiri mwezi unavyokwisha, kila mpangaji apitaye ukumbini hujifanya anafunga kamba ya kiatu karibu na mita, hata aliyevaa kandambili, akazisoma tarakimu kwa pembe ya jicho, akaingia chumbani akazima taa ya pili. Mwenye jokofu hulizima, na barafu zake za ubuyu zikageuka maji ya ubuyu. Pasi husahaulika. Kijana wa chumba cha mbele, mtu ambaye kwa siku nyingine hana jamaa, hukumbuka ghafula kwamba ana shangazi Pongwe ambaye hajamjulia hali, akaenda kulala huko, akarudi tarehe mbili, uso umejaa furaha, na taa zinawaka. Atakayezidiwa na giza kwanza ndiye atakayenunua kwanza, na atakayenunua kwanza ndiye atakayelipa kodi ya jengo la mtu. Basi watu wazima, waswalihina, wenye kuazimana chumvi na kuuguzana, hukaa gizani usiku wa kuamkia mwezi mpya wakisikilizana pumzi, kila mmoja akimwombea mwenzake uoga. Mwezi huu mimi ndimi niliyezidiwa. Nina mtoto anayesoma usiku.

Mlipoulizwa juu ya wapangaji mlijibu kwa hekima kwamba mpangaji na mwenye nyumba waelewane. Nimelitafakari neno hili mara nyingi. Mwenye nyumba wetu huchukua kodi yake ya miezi sita mbele, akaihesabu mara mbili, akaenda zake. Nani kati yetu atakayemfuata kwake, abishe hodi, aseme, shikamoo mzee, nirudishie 9,000, serikali imesema tuelewane? Mnajua nyinyi kama tujuavyo sisi kwamba vyombo vya mtu huyo vitakutwa barabarani kabla ya adhana ya alasiri. Mliona kazi ya kumdai mwenye mali ni ngumu, mkaitupa kwa asiye na mali, kisha mkaiita maelewano. Na haya ya kodi ya jengo ni madogo. Mliweka bei ya shilingi 100 kwa uniti kwa ajili ya mtu mnyonge asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, na kila chumba katika nyumba yetu, ukiondoa chenye jokofu, hakifiki uniti 30. Lakini kwa kuwa wanyonge watano wanatumia mita moja, mita ikatujumlisha, ikatuona tajiri mmoja, ikatutoza 292 na asilimia zake. Aliye peke yake katika nyumba yake na mita yake hupata tahafifu; waliobanana watano kwa sababu ya ufukara hulipa karibu mara tatu. Mtu aliyeyapanga hivi hajapata kulala katika chumba cha kupanga hata usiku mmoja.

Niwieni radhi. Kalamu iliteleza, na nimeirudisha katika adabu. Nilikuja kuomba, wala sikuja kugomba, na haya ndiyo maombi yangu.

La kwanza, na ndilo kubwa, ni kwamba, kwa kuwa mimi ndiye niliyelipa kodi ya jengo hili mwezi huu, na kwa kuwa mlipa kodi ya kitu, katika kila sheria niliyopata kuisikia, hudhaniwa kuwa na uhusiano nacho, mnipatie hati miliki ya ukuta mmoja. Nyumba siitaki, mwenyewe ana wajukuu na haipendezi kumnyang'anya. Nataka ukuta ule tu ulioshika mita. Mniletee mpima, aweke mawe ya mipaka kwa jinsi ya fani yake, na hati itaje bayana ya kuwa mali hiyo inapakana juu na dari, chini na sakafu, kulia na bawaba za mlango wa mbele, na kushoto na kitanda changu. Ufa unaoshuka kutoka kwenye boriti uandikwe kuwa ni sehemu ya mali, maana nimeishi nao na sikubali kutenganishwa nao. Mwenye nyumba ajapo kuchukua kodi yake, asiuegemee bila ya kusema hodi. Kalenda yake ya benki, ambayo imetundikwa pale tangu sijahamia, itakuwa mpangaji wangu kuanzia siku ya kutiwa saini, na kodi yake nitaitaka miezi sita mbele. Ikiona ghali, mimi na yeye tutaelewana. Mijusi nitawaacha wakae bure, kwani hawajapata kuulizwa kodi na mtu yeyote, na sipendi niwe mimi wa kwanza kuwafunza dunia. Nitauweka ukuta rehani nipate mkopo wa kununua umeme. Nitauandikia wosia, ili nifapo wanangu wasije wakafikishana kwa kadhi: upande wa swichi ni wa mkubwa, upande wa msumari wa kutundikia kanzu ni wa mdogo, na mita yenyewe, pamoja nanyi nyote mliomo, iwe wakfu. Na siku nikihama, sitahama kwa aibu kama tuhamavyo sisi, godoro juu ya mkokoteni na majirani wakihesabu masufuria; nitahama kama wahamavyo wenye mali, nikiacha nyuma jengo langu lenye unene wa tofali moja, na wakili wa kulitazama.

Maombi mengine ni madogo. Kabla ya tarehe 24 Novemba tuliamrishwa kuhuisha mita zetu kwa kuingiza makundi matatu ya tarakimu 20, jumla 60, kwa vidole vyetu wenyewe, na nimeifanya kazi hiyo ya fundi, nikiwa nimesimama juu ya ndoo, bila kosa, nasubiri ujira. Ile asilimia 3 ya vijijini siioni uchungu, kwa kuwa najua giza la kijijini lilivyo. Ila ningependa mmoja kati ya waliowashiwa taa aniandikie kuniuliza hali. Mpangaji aingiaye katika nyumba iliyokaa tupu asikute kodi ya miezi ya popo imemngojea katika manunuzi yake ya kwanza. Umeme ukikatika, na Kodi ya Jengo naye akatike, walao kwa heshima ya wafiwa.

Na lipo swali moja, ambalo si ombi. Mto Rufiji umejengewa bwawa la umeme, megawati 2,115, mtambo wa kwanza ukaanza kazi Februari mwaka huu, na kabla mvua za masika hazijakwisha tukasikia kwamba mitambo mingine inazimwa kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Tulifurahi, na tunafurahi. Lakini katika vyumba hivi vitano hakuna aliyeuona umeme uliozidi, nami nataka kujua mahitaji hayo yalipimwa nyumbani kwa nani.

Majibu yenu yanijie kwa njia ya simu, kama ilivyo ada. Yakifika ndani ya mwezi huu nitayasoma peke yangu. Yakichelewa hata Januari, tafadhalini msiyatume tarehe mosi, mtakuta sote tumezima simu.

Wenu mtiifu,
Mpangaji wa chumba cha tatu mkono wa kushoto,
mlipa kodi wa jengo la watu