Namna ya Kumfukuza Mpangaji Mwekundu Kwenye Akwaria

Akwaria yako ya maji ya chumvi bado changa, mchanga ulikuwa mweupe pe, na asubuhi hii umeukuta chini ya utando mwekundu wenye vipovu. Umepata mpangaji asiye na mkataba. Wengi humwita mwani, kumbe ni sianobakteria: bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga, na vile vipovu ni oksijeni yao. Ukoo huu ulianza kuijaza hewa ya dunia oksijeni zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Hauhami kwa kukunjiwa uso.

Chukua mpira mwembamba. Zima pampu, sogeza ncha ya mpira pale ukingo wa utando unapojikunja, kisha fyonza taratibu. Hung'oka vipande vipana na kuacha mchanga msafi nyuma yake. Usisugue kwa brashi, maana utamtawanya hadi kona ambazo hakuwa amezifikia. Ukishatoa asilimia 10 hadi 20 ya maji, rudishia mapya yenye chumvi takriban gramu 35 kwa lita. Yasiwe ya bomba moja kwa moja. Mara nyingi hayo huja na fosfati na naitreti, chakula chake hasa. Tumia yaliyochujwa kwa osmosisi ya kinyume.

Sasa tuje kwenye mkono wako unaolisha samaki, na hapa nakusihi kwa dhati. Samaki wadogo hawahitaji karamu. Wape wanachokimaliza ndani ya dakika mbili, basi. Kinachozama huoza mchangani, na anayeneemeka si samaki.

Elekeza pampu kwenye kona ambako maji yamezubaa. Taa, saa 8 kwa siku zinatosha.

Utashauriwa dawa, erithromaisini kwa mfano. Inaua kweli, lakini inaweza kuwadhuru hata bakteria wema wanaoondoa sumu ya amonia. Tena utando ukifa wote kwa mkupuo, uozo hunyonya oksijeni, ukawakuta samaki wanahema juu ya maji. Kwa tangi changa mimi naikataa kabisa. Afadhali uzime taa na kufunika tangi kwa kitambaa cheusi siku 3, pampu ya hewa ikivuma, halafu ufyonze mabaki.

Wiki ijayo mpangaji akirudi mdogo kuliko alivyokuwa, usibadilishe kitu. Shika mpira uleule, fyonza tena.